Dawa haikuwa feki: kisa cha asidi ya perasetiki kwenye kiwanda kidogo cha maziwa

Kisa hiki nilikuwepo, mimi ndo nilikuwa upande wa ubora. Jina la kiwanda, mkoa, watu na muuza dawa nimeyatoa, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili mtu asiunganishe nukta. Nakiandika kwa wenzangu wa maziwa, bia, juisi na machinjio, maana hii dawa siku hizi iko kila mahali na wengi tunaimwaga tu kwenye tenki tukijua imefanya kazi yake.

Usuli

Kiwanda ni kidogo, nyanda za juu huko, maziwa yanaletwa na wafugaji asubuhi, yanachemshwa kwenye pasteraiza kwa nyuzi 72 sekunde 15, yanapozwa, yanakaa kwenye tenki la baridi halafu yanaingia mashine ya kufungia pakiti. Kwenye pakiti imeandikwa siku 7 kwenye friji.

Usafishaji ulikuwa wa kuzungusha bila kufungua mabomba, sisi tunaita CIP. Maji kwanza, kisha kostiki (sodiamu haidroksaidi, ile inayokata mafuta) ya moto asilimia 1.5, maji tena, asidi ya naitriki mara moja kwa wiki, maji, mwisho dawa ya kuua vijidudu. Zamani hiyo ya mwisho ilikuwa klorini, tukaiacha kwa sababu mbili. Ya kwanza kloridi zilikuwa zinatoboa bomba za stenlesi, unaona vidoti vidogo kama kichwa cha pini halafu baada ya miezi bomba linavuja. Ya pili ni harufu, mteja mmoja alisema maziwa yana harufu ya bwawa la kuogelea na kusema ukweli alikuwa sahihi.

Muuzaji akatuletea asidi ya perasetiki ya asilimia 5. Kwa ambaye hajawahi kuishika, hiyo ni siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi mpaka zikazaana. Ndani ya dumu kuna vitu vinne vinavyoishi kwa kuvumiliana: asidi ya perasetiki yenyewe, asidi ya asetiki (siki), haidrojeni peroksaidi na maji, na vinabadilishana vyenyewe kwa vyenyewe muda wote. Kwenye yetu peroksaidi ilikuwa asilimia 20 na kitu, siki kama 10. Peroksaidi ni ya zamani sana, Mfaransa Thénard aliitengeneza 1818, ila kwa vijidudu perasetiki ndo kiboko, inaua bakteria, fangasi, virusi na hata mbegu za bakteria ambazo klorini inahangaika nazo. Inafanya kazi kwenye baridi, haitoi povu, na ikimaliza inabaki siki kidogo, maji na oksijeni, kwa hiyo kwa kiwango sahihi wengi hawasuuzi tena baada yake. Ndo maana viwanda vya bia wanaipenda, wanaweza kuosha tenki ambalo bado lina gesi ya kaboni dayoksaidi, kitu ambacho ukifanya na kostiki gesi inaila kostiki yote. Hospitali wanazamishia kamera za kuchungulia tumbo, Marekani wanaogeshea kuku waliochinjwa, wengine wanatibia majitaka nayo. Dada yake, peroksaidi peke yake ya asilimia 35 ikiwa ya moto, ndo inayosafisha boksi za maziwa ya muda mrefu kabla hazijajazwa, na huko kwenye viwanda vya karatasi inang'arisha rojo la mbao.

Maelekezo yalikuwa mepesi: lita 1 kwenye maji lita 500, zungusha dakika 15, mwaga, acha ikauke. Miezi minne ya kwanza mambo yalienda safi kabisa, na hapo ndo tulipojisahau.

Kilichotokea

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja mwenye duka, pakiti zimechacha siku ya nne. Tukasema friji yake mbovu (hiyo ndo jibu letu la kwanza siku zote, tuseme tu ukweli). Wiki iliyofuata wakapiga wanne, wawili ni supamaketi ambao friji zao ni nzuri kuliko za kwetu.

Dada wa maabara akachukua sampuli kwa mstari. Maziwa yanayotoka pasteraiza, hakuna kolifomu (bakteria wanaoonyesha kwamba uchafu umeingia). Maziwa kwenye tenki la baridi, zipo. Kwenye pakiti, zipo nyingi zaidi. Kwa hiyo kuchemsha kulikuwa sawa, uchafu ulikuwa unaingia baada ya hapo, kwenye tenki na mabomba ambayo kila usiku tunayaosha na kuyapiga dawa, na kwenye daftari la opereta kila siku kuna tiki na neno OK.

Wakati huohuo kuna mambo mengine mawili yalikuwa yanaendelea stoo ambayo hakuna aliyeyaunganisha na maziwa. Ofisi ilikuwa imeacha kununua madumu madogo ikaanza kununua pipa kubwa maana lita inashuka bei. Sasa pipa huwezi kulibeba mpaka kwenye mashine, basi mtu wa stoo akawa anahamisha kwenye madumu ya zamani kupitia koki ya shaba aliyoifunga mwenyewe, na kilichobaki jioni anakirudisha kwenye dumu ili kisipotee. Mtu mwangalifu, hapendi hasara. Stoo yenyewe ni ya mabati, mchana mle ndani ni tanuri.

Na siku moja dumu likavimba. Alikuwa amefunga kifuniko cha kawaida, kile kisicho na tundu la kupumulia, kwa sababu harufu ilikuwa inamkera. Dumu likawa duara kama mpira, ubavuni lina joto. Akataka kuliinamia alifungue, bahati fundi wa zamu alikuwa anapita, mzee mmoja aliyefanya kazi kiwanda cha nguo huko nyuma wakitumia peroksaidi kung'arisha vitambaa, akapiga kelele wote tutoke. Akavuta mpira wa maji akalimwagia kwa mbali karibu saa nzima mpaka likapoa, ndo akavaa kinga ya uso na glovu akalegeza kifuniko robo robo. Lilitoa mlio kama tairi linalotolewa upepo.

Tukashukuru Mungu, tukarudi kazini. Hakuna aliyeuliza: kama oksijeni yote hiyo imetoka, basi ndani ya dumu kimebaki nini?

Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa meneja uzalishaji, na mimi nilikubali kwa hiyo silalamiki: tuongeze dozi, lita 2 badala ya 1. Hoja ilikuwa kwamba vijidudu vimezoea dawa. Siku nne kolifomu zilishuka, tukapeana mikono. Siku ya tisa zikarudi juu kuliko mwanzo. Opereta wa usiku akaanza kukohoa na macho kutoka machozi kila akifungua mfuniko wa tenki, na si kwamba anadeka, mvuke wa hii kitu unauma kwa kiwango kidogo sana, wale ACGIH wa Marekani, chama cha wataalamu wa afya kazini, wameweka kikomo cha 0.4 ppm (sehemu 0.4 kwa milioni) kwenye hewa kwa dakika 15. Tukamhamisha, tukaweka feni na miwani, kitu ambacho kilitakiwa kiwepo toka siku ya kwanza.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mkurugenzi: dawa ni feki, tusimlipe muuzaji. Huyu naye ukimsikiliza ana hoja, nchi yetu hii umeuziwa mpaka betri lenye mchanga ndani, kwa nini usishuku. Ila nikamwomba siku tano tupime kabla hatujagombana na mtu. Tukapeleka sampuli tatu kwenye maabara ya chuo ambako kuna jamaa tuliyesoma naye: moja kutoka pipa ambalo sili yake haijakatwa, moja kutoka pipa linalotumika, moja kutoka dumu lililoko pembeni ya mashine.

Namna wanavyopima inavutia, kwa sababu lazima uzitenganishe hizo dada mbili. Sampuli inawekwa kwenye barafu, kwanza unaimaliza peroksaidi kwa kemikali inayoila yenyewe tu, halafu unatia potasiamu ayodaidi, perasetiki iliyobaki inatoa ayodini, rangi inakuwa kama chai ya mkandaa, unaishusha kwa thaiosalfeti tone kwa tone mpaka inapotea ghafla. Majibu: pipa lenye sili asilimia 5.1, pipa linalotumika 4.6, dumu la pembeni ya mashine 2.2.

Muuzaji alikuwa hana kosa. Tulikuwa tunapokea dawa nzima na tunaiua wenyewe kati ya stoo na mashine. Shaba, chuma chenye kutu, uchafu wa masalia unaorudishwa, joto, vyote hivyo vinaivunja, na ikianza kuvunjika inatoa joto lake yenyewe linaloharakisha zaidi.

Lakini hesabu bado ilikuwa haikai sawa na hapa ndo niliposhindwa kulala. Kwa dawa ya 2.2, lita 2 kwenye 500 bado inakupa karibu 100 ppm, yaani miligramu 100 kwa lita, ambayo ni sawa tu na lita 1 ya dawa nzima, na kwa tenki lililooshwa vizuri ilitakiwa iue. Halafu kuna vile vijikaratasi vya kupimia, kila usiku opereta anachovya, vinakuwa bluu, anaandika OK. Sasa OK inatoka wapi?

Uamuzi wa tatu, huu nauhesabu kuwa wangu: usiku mmoja tusizungushe kitu mpaka tupite mstari mzima na karatasi za pH mkononi (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni upande wa kostiki). Dada wa maabara, fundi mzee, opereta na mimi. Maji ya mwisho ya kusuuzia kostiki, pH 11. Dawa yenyewe baada ya kuzunguka dakika tano kwenye tenki, pH 9 na kidogo. Ilitakiwa iwe 4 hivi.

Tukamwangalia opereta, naye akasema bila kuficha: "Maji yako wapi kaka? Toka mgao uanze niliambiwa kusuuza iwe dakika tatu."

Dakika nane zimekuwa tatu. Maagizo yalitolewa kwa mdomo, hayakuandikwa popote, na aliyeyatoa alikuwa hajui upande wa pili wa hesabu.

Dada wa maabara akachota bika moja ya ile dawa ya pH 9, akachovya vile vijikaratasi vyetu vya kila siku, bluu ya kukolea. Akatoa pakiti nyingine aliyoazima, za kupima perasetiki yenyewe, akachovya kwenye bika ileile. Karatasi ikabaki nyeupe, kwa mbali sana kijivu. Hakuna aliyeongea kwa muda. Miezi yote tulikuwa tunapima peroksaidi, ambayo kwenye hiyo dawa ipo mara nne au tano ya perasetiki, kwa hiyo karatasi ingekuwa bluu hata kama perasetiki imeisha yote. Vijikaratasi vilinunuliwa kwa sababu ni rahisi na juu imeandikwa peroksaidi, na mtu wa manunuzi aliona hiyo ndo hiyo.

Hesabu ya kostiki

Hii naiweka peke yake maana fundi mzee aliikataa mpaka nilipoiandika chini kwa chaki.

Lita 1 ya dawa ya asilimia 5 ina siki kama gramu 110 na perasetiki kama gramu 56. Kuifikisha pH ya 8 na kidogo, pale ambapo nusu ya perasetiki imeshabadilika kuwa umbo lisiloua vizuri na inavunjika haraka, unahitaji kostiki gramu 90 tu. Kostiki yetu ni asilimia 1.5, maana yake gramu 15 kwa lita. Gawa: lita 6. Lita sita za kostiki zilizobaki kwenye lita 500. Chini ya tenki letu pale penye mteremko mbaya, kwenye kona ya bomba la sampuli na ndani ya pampu, lita sita zinakaa bila hata kuonekana.

Yaani tulikuwa tunachukua dawa iliyopungua nusu tunaiongeza dozi kufidia, halafu tunaimwagia kostiki. Na kuongeza dozi kwenyewe kulituumiza upande mwingine, gasketi zetu nyeusi, yaani mipira ya kuzibia viungo vya bomba, zilikuwa za NBR, aina ya mpira wa bei chee, perasetiki inazila. Tulipofungua viungo tukakuta zimevimba na zina mipasuko, ukipitisha ukucha unatoka na ukoko wa maziwa ya njano. Humo ndo kolifomu walikuwa wamepanga nyumba. Hapo hata dawa nzima isingewafikia.

Matokeo

Gasketi zote kutoka tenki la baridi mpaka mashine ya pakiti zikabadilishwa ikawekwa EPDM, mpira unaoivumilia perasetiki. Kusuuza hakukurudi dakika nane za kukariri, kunaisha pale pH ya maji yanayotoka inapolingana na ya maji yanayoingia. Mgao wa maji ulibaki palepale, kwa hiyo tukafunga tenki dogo linalokusanya maji ya mwisho ya kusuuzia, yanatumika kesho yake kwenye suuza ya kwanza kabisa, ile ya kutoa maziwa. Fundi mzee ndo aliyetoa wazo hilo na lilituokolea maji kuliko kupunguza dakika.

Asidi ya naitriki ya kila wiki ilirudi, maana nayo ilikuwa imerukwa kimyakimya, dari ya tenki ilikuwa na ukoko mweupe wa kalsiamu. Koki ya shaba ikatupwa, tukanunua pampu ya mkono ya plastiki. Pipa likaachwa, tukarudi kwenye madumu madogo yenye vifuniko vya kupumua, dumu likishafunguliwa linaenda lenyewe mpaka mashine, na kilichobaki kwenye jagi hakirudi, kinazimuliwa kwa maji mengi kinaoshea sakafu. Dozi ikashuka kuwa lita 1, tunasoma 100 mpaka 120 ppm kwa karatasi sahihi, na namba inaandikwa badala ya OK.

Sampuli za wiki sita zilizofuata hazikuwa na kolifomu baada ya pasteraiza, isipokuwa siku moja ambayo tulijua sababu, mtu alifungua kiungo katikati ya kazi. Pakiti zinafika siku 7. Yule mama wa duka alirudi, zile supamaketi imerudi moja tu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichotuangusha

Kilichotuokoa kwanza ni kupima mstari hatua kwa hatua kabla ya kubishana. Ile kujua kwamba pasteraiza iko safi na tenki si safi ilitupunguzia nusu ya makisio. La pili ni zile sampuli tatu badala ya moja. Tungepeleka ya dumu peke yake tungepata 2.2, tungemshtaki muuzaji, tungenunua kwa mwingine na kuiua vilevile, halafu tungesema na huyu naye tapeli.

Kilichotuangusha zaidi ya vyote kwa maoni yangu ni kile kijikaratasi. Kutopima kabisa kungekuwa afadhali, angalau tungekuwa na wasiwasi. Kipimo kinachosema ndiyo kila siku kilitufanya tutafute kosa kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa. Siku hizi nikifika kiwanda kingine naomba kwanza wachovye karatasi yao kwenye dawa niliyoiharibu makusudi kwa kostiki. Ikiwa bluu, najua kazi ninayo.

Kuhusu mtu wa stoo, ofisi ilitaka kumpa barua ya onyo nikapinga. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo kemikali inapumua. Karatasi ya usalama ilikuwepo, ya Kiingereza, kwenye faili ofisini kwa mkurugenzi, na kiwanda kilikuwa kimesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kama sheria ya kemikali ya 2003 inavyotaka, makaratasi yote safi. Tulichofanya ni kubandika stoo maandishi makubwa ya Kiswahili, mistari mitano: usifunge kifuniko kisicho na tundu, usirudishe masalia, usitumie shaba wala bati, usiweke karibu na klorini, dumu likiwa na joto kimbia kwanza uite mtu baadaye. Huo wa klorini tuliuongeza kwa sababu bado kulikuwa na madumu mawili ya klorini ya zamani kwenye rafu ileile. Hiyo dawa ni asidi, ikikutana na klorini inatoka gesi ya sumu, na wala haikuwa imetokea, tulikuwa tu na bahati.

Dumu lililovimba lilikuwa ndo jibu lenyewe, lilikuja wiki tatu kabla ya majibu ya maabara na sisi tukalichukulia kama ajali ya stoo. Ripoti ya ajali ikaenda kwa ofisa usalama, malalamiko ya maziwa yakaja kwangu, na mimi na yeye tulikuwa tunakula chakula cha mchana meza moja.

Ambalo mpaka naondoka halikuwa limekaa vizuri ni stoo. Walipiga dari ya bodi chini ya mabati na kufungua madirisha mawili, mchana bado inapita nyuzi 30 miezi ya joto. Nilimwachia dada wa maabara ratiba ya kupima dumu moja kwa titresheni (kile kipimo cha tone kwa tone) kila mwezi, na juzi aliniandikia kwamba la Januari lilisoma 4.7.